Bastola ambayo Browning hakuimaliza

Muuzaji wa Browning Hi-Power ya zamani hakosi hadithi. Atakwambia babu yake aliinyakua kwa ofisa wa Kijerumani mwaka 1944, au kwamba imelala kabatini tangu enzi hizo bila kufyatuliwa hata mara moja. Wanunuzi wazoefu wa Marekani na Ulaya, ambako bastola hizi kuukuu zina soko kubwa, humsikiliza kwa adabu, kisha humwomba aisogeze kwenye mwanga. Wanatafuta mihuri. Chuma cha Herstal kiligongwa alama tangu kinatoka kiwandani, na kila jeshi lililokipokea likaongeza yake, kwa hiyo hadithi ya babu ina shahidi, naye mara nyingi humuumbua babu.

Herstal ni mji mdogo kando ya Liège, Ubelgiji. Kiwanda cha Fabrique Nationale, FN kwa ufupi, kilianzishwa huko mwaka 1889 ili kuliundia jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Zilipokwisha, kiwanda kikajikuta na mashine nyingi na kazi haba. Mwaka 1897 meneja wake wa biashara, Hart Berg, alivuka bahari hadi Hartford, Connecticut, kujifunza utengenezaji wa baiskeli. Alirudi na mfano wa bastola iliyobuniwa na John Moses Browning, fundi wa Utah aliyekulia katika karakana ya baba yake mjini Ogden. Tangu hapo Browning alikuwa na wateja wawili waliogawana dunia: Colt wakachukua soko la Marekani, FN wakachukua Ulaya. Mgawanyo huo ndio ulioipa bastola tunayoizungumzia umbo lake, na kuichelewesha pia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ufaransa lilitaka bastola mpya. Iwe na uzito usiozidi kilo 1, ibebe risasi zisizopungua 10, na isifyatuke magazini ikiwa imechomolewa. Browning hakuona haja ya risasi nyingi hivyo. M1911 yake, ambayo jeshi la Marekani lilikuwa linaitumia, ilibeba 7 na ilimtosha. Lakini huko Herstal Dieudonné Saive, fundi kijana, alikuwa amekwisha kutengeneza magazini ya kupanga risasi katika safu mbili zinazopishana, zikaingia 15 bila mpini kuwa mnene kupita kiasi. Ombi la FN likamfikia Browning huko Utah, naye akaunda mifano miwili kuizunguka magazini ya Saive.

Alifanya kazi akiwa amefungwa mikono. Mawazo yake bora kuhusu bastola alikuwa ameshayauza kwa Colt, na hataza zilikuwa hai. Ilimbidi ajikwepe mwenyewe. Hataza aliyoiomba Juni 1923 inaonyesha bastola isiyo na nyundo nje, yenye pini inayosukumwa na springi iliyofichwa ndani. Tarehe 26 Novemba 1926 alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa Herstal kikazi, na hataza hiyo ikatolewa Februari 1927, miezi mitatu baada ya kifo chake.

Hataza za M1911 zilipoisha nguvu mwaka 1928, Saive alikuwa huru kuchukua alichokitaka kwa marehemu. Akarudisha nyundo ya nje. Akafupisha mpini na kupunguza risasi hadi 13, mpangilio wa kufungua na kusafisha ukawa rahisi zaidi, na kazi ikaendelea kwa miaka kadhaa huku mdororo wa uchumi ukiwafanya wanunuzi wasite. Wafaransa, waliosababisha yote haya, mwishowe walichagua bastola nyingine ya kwao. Ubelgiji iliipokea ya Saive mwaka 1935 kwa jina la Grande Puissance, ambalo kwa Kiingereza ni Hi-Power, na ubavuni ikaandikwa Browning. Jina hilo lilikuwa mali ya biashara na FN hawakuwa wajinga. Hata hivyo mtu anayelipa pesa nyingi leo kwa ajili ya risasi 13 na mpini unaokaa vizuri kiganjani analipia kazi ya Saive, na mimi sioni sababu ya kulipamba jina moja na kulificha jingine.

Mei 1940 Wajerumani waliiteka Herstal wakakiendesha kiwanda wenyewe. Takriban bastola 319,000 zilitengenezwa chini yao, zikiitwa Pistole 640(b), herufi ya mwisho ikimaanisha Ubelgiji. Kadiri vita vilivyosonga ndivyo kazi ilivyozidi kuharakishwa: mikwaruzo ya mashine iliachwa wazi juu ya chuma, rangi ikawa nyepesi. Muhuri wa wakaguzi wa Kijerumani, tai mdogo mwenye namba chini yake, ndio unaotafutwa na mnunuzi anayeambiwa habari za babu na ofisa. Usipokuwepo, mazungumzo hurudi kwenye bei ya kawaida.

Kabla ya Wajerumani kufika, Finland ilikwisha kununua bastola 2,400 kwa ajili ya vita vyake na Urusi. Hizo zilipigwa herufi SA ndani ya kisanduku, alama ya jeshi la Finland, na kwa kuwa ni chache wakusanyaji huzilipia vizuri.

Saive na baadhi ya wenzake walitorokea Uingereza. Ujuzi wao ukawezesha bastola ileile kutengenezwa ng'ambo ya Atlantiki, katika kiwanda cha John Inglis kwenye mtaa wa Strachan, Toronto. Inglis walikuwa watu wa boila na mitambo ya meli kabla ya vita kuwageuza waundaji wa bunduki za rashasha, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Mteja wa kwanza wa bastola alikuwa China ya Chiang Kai-shek, iliyoagiza 180,000. Bastola hizo zina maandishi ya Kichina ubavuni, herufi CH katika namba, jicho la kulengea lililopimwa hadi mita 500 na mfuo nyuma ya mpini wa kuchomekea kitako cha mbao ambacho pia ni ala yake. Mita 500 kwa bastola ni matumaini tu. Za Kanada zenyewe na Uingereza zilipewa herufi T na jicho la kawaida. Kufikia 1945 Inglis walikuwa wametoa karibu 151,000, kwa hiyo kwa muda fulani wanajeshi wa pande mbili za vita walibeba bastola ya aina ileile.

Herstal ilipokombolewa Septemba 1944 Saive alirudi kwenye meza yake. Huko alikamilisha bunduki inayojipakia ya mwaka 1949, ambayo Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake, halafu akabuni FAL, bunduki ambayo wasomaji wa umri fulani katika nchi zetu waliiona begani mwa askari kabla ya AK kuenea. FN ina alama nyingine karibu nasi: kiwanda cha risasi cha Eldoret nchini Kenya kilijengwa kwa mitambo na utaalamu wake, na risasi ya milimita 9 inayoliwa na Hi-Power ni mojawapo ya zinazotengenezwa pale.

Uingereza iliipokea bastola hii rasmi mwaka 1954 na kuishikilia hadi 2013. Zaidi ya nchi 50 zilifanya hivyohivyo kwa vipindi mbalimbali. Argentina ilipewa leseni, India inatengeneza yake huko Ishapore. Saddam Hussein alikuwa nayo. Mehmet Ali Ağca alimpiga nayo Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 13 Mei 1981. Ya Gaddafi ilipakwa dhahabu, na Oktoba 2011 huko Sirte dunia iliiona ikiinuliwa juu na kijana mwenye kofia muda mfupi baada ya mwenyewe kukamatwa.

Majeshi na polisi wanapobadili silaha, za zamani huyeyushwa au huuzwa, na hapo ndipo mtumba huu unapoanzia. Miaka kumi na kitu iliyopita shehena za Hi-Power za polisi wa Israel zilifika Marekani, zimechubuka rangi kwa kuingia na kutoka katika ala lakini ndani ni nzima, maana polisi hubeba sana na kufyatua kidogo. Mnunuzi wa kutumia hupenda hizo. Huuchungulia mtutu kuona kama mifuo yake bado ina ncha, hukagua fremu kwa ufa, na springi zote huzibadilisha bila kuuliza, kwa kuwa springi ni kitu cha bei ndogo kinachochoka mapema.

Kisha hufanya jaribio moja ambalo humweleza mengi kuhusu mwenye mali wa awali. Baada ya kuhakikisha chemba ni tupu, huchomoa magazini na kuvuta kifyatulio. Nyundo haipaswi kuanguka. Lile sharti la Wafaransa bado limo ndani, kama kidude kidogo kinachosugua ukuta wa magazini na kufanya mvuto uwe mzito na wa kukwaruza. Walengaji wengi walikichukia wakakitoa. Nyundo ikianguka, mkono wa fundi fulani umepita humo, na swali linalofuata ni mkono huo uligusa nini kingine.

Mkusanyaji naye ana macho tofauti. Anataka namba ya fremu, ya slaidi na ya mtutu zilingane. Anatafuta alama ya Perron, mnara wa Liège, iliyogongwa na taasisi ya mji huo ambayo imekuwa ikipima silaha tangu mwaka 1672, na nyota ndogo juu ya herufi ya mkaguzi. Zaidi ya yote anaogopa uzuri. Bastola ya 1943 inayong'aa kama mpya imesuguliwa na kupakwa upya, na kila aliyezoea ataona kona zilizopaswa kuwa kali zimeviringika na herufi zimefifia kingo. Ile iliyochakaa, yenye rangi yake ya kwanza iliyobaki vipandevipande, humzidi bei mwenzake aliyependezeshwa. Kati ya zilizotengenezwa baada ya vita, zinazosifiwa ni zile zenye namba inayoanza na T za miaka ya 1964 hadi 1969, zilizosuguliwa na kupakwa rangi kwa mkono na watu waliokuwa na muda. (T hiyo haihusiani na ya Toronto, jambo ambalo wauzaji wengine husahau kulitaja.) Kwa sheria ya Marekani silaha iliyofikisha miaka 50 huingia kundi la vitu vya ukumbusho, na mwenye leseni ya mkusanyaji huipata kwa utaratibu mwepesi zaidi. Kwetu Afrika Mashariki soko la namna hiyo halipo. Raia huomba leseni kwa sababu anayopaswa kuieleza polisi, na kupenda historia haimo katika sababu hizo.

FN iliacha kuitengeneza mwaka 2018. Bei za zilizotumika zikapanda, kampuni nyingine zikaona pengo, na mwaka 2021 Springfield Armory ya Marekani ikatoa nakala yake kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata FN yenyewe ikarudi na toleo jipya lenye jina la kale, lakini sehemu zake haziingiliani na za zamani.

Kanada ilikaa na bastola zake za kale kwa muda mrefu sana. Bastola za Inglis zilizotoka Toronto mwaka 1944 na 1945 zilikuwa bado mikononi mwa wanajeshi wake mwaka 2022, nchi ilipochagua bastola za SIG Sauer kuchukua nafasi yake. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, serikali ilisimamisha uuzaji wa bastola kwa raia nchini kote. Kwa hiyo Mmarekani wa Texas anaweza kununua Inglis yenye maandishi ya Kichina wiki hii, ilhali mkazi wa kawaida wa Toronto, hata anayeishi hatua chache kutoka mtaa wa Strachan, haruhusiwi.