Geji ya Joto la Injini
Magari ya Ford Model T, yaliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, hayakuwa na geji ya joto wala, isipokuwa yale ya kwanza, pampu ya maji: maji ya moto yalipanda rejetani yenyewe, yakapoa, yakashuka. Wenye magari wakafunga kipimajoto cha Boyce MotoMeter juu ya kifuniko cha rejeta. Kilisaidia, tena kilipendeza machoni. Lakini kilipima mvuke ulio juu ya maji, si chuma cha injini. Kasoro ya namna hiyo tungali nayo. Maji yakivuja yakaisha, kihisi cha geji hubaki hewani, na mshale waweza kushuka huku injini yaungua na kahawa yetu i njiani. Ndiyo maana twawakataza mafundi kubadili nyaya za geji ili mshale utulie.