Shilingi 10, 7 na 5: Uingereza Ilivyompimia Mgonjwa na Asiye na Kazi

Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 ilipanga malipo kwa kila balaa. Mwanamume aliyeugua alilipwa shilingi 10 kwa wiki, mwanamke 7 na nusu. Aliyepoteza kazi, 7. Na yule ambaye wiki 26 zilikwisha hajapona, akahesabiwa mlemavu, alishushwa hadi 5. (Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, hesabu ambayo wazee wa Kenya hawajaisahau.)

Kila wiki mwajiri alibandika stempu za bima kwenye kitabu cha mfanyakazi, gharama ikichangwa na wote wawili pamoja na serikali. Asiye na kazi alikabidhi kitabu chake ofisi ya ajira, akawa anafika kusaini saa za kazi ili ionekane hana kibarua kwingine. Baada ya wiki 15 katika mwaka, basi. Mlemavu angalau hakuwekewa ukomo huo. Ila aliyezaliwa kipofu na hajawahi kuajiriwa hakuwa na stempu hata moja. Huyo aliachiwa jamaa zake, au nyumba za maskini.

Ripoti ya mwanauchumi William Beveridge ya 1942 ilitaka kiwango kimoja, na mwaka 1948 mgonjwa na asiye na kazi wote wakapata shilingi 26. Usawa haukudumu. Mwaka 1971 ikaja posho ya waliougua zaidi ya miezi sita, pamoja na nyongeza iliyokuwa kubwa zaidi kwa aliyeanza kuugua akiwa kijana. Mwaka 1975 wasio na stempu nao wakakumbukwa, isipokuwa wake za watu. Hao walingoja hadi 1977, tena kwa sharti ambalo hakuna mwanamume aliyewekewa: wathibitishe kwamba hata kazi za nyumbani, kupika na kusafisha, zimewashinda. Sharti hilo la aibu lilifutwa mwaka 1984.

Kisha serikali ikaanza kudai kuwa tofauti ya malipo kati ya mgonjwa na asiye na kazi inawavunja watu moyo wa kutafuta kazi. Wagonjwa walioonekana wanaweza kujiandaa kurudi kazini walikuwa wakipata pauni 102.15 kwa wiki. Kuanzia Aprili 2017, waombaji wapya wa kundi hilo wakapewa 73.10, sawasawa na asiye na kazi. Baraza la juu la bunge lilipinga kwa kura mara mbili, likashindwa. Waliokwisha kuanza kulipwa wakabaki na kiwango chao cha zamani.