Tozo ya kilo: chai ilivyojilipia utafiti Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa Tukuyu akifikisha majani mabichi kituoni, karani huyapima na kuandika kilo kitabuni, naye hurudi nyumbani kungoja malipo. Tozo ya utafiti haioni. Hiyo hukatwa mbele ya safari, kwenye chai kavu iliyokwisha kutoka kiwandani, ambako kilo moja hutokana na takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Si ajabu basi mchumaji akadhani utafiti ni hisani ya serikali au ya wafadhili, kumbe naye ameuchangia.

Mtindo huu wa kugharamia utafiti kwa kilo una mizizi mirefu. Wajerumani waliotesha chai Amani, Usambara, mwaka 1902, kisha Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926. Mchai ukitunzwa huchumwa kwa miongo mingi, hivyo anayekosea kuchagua mche hulipia kosa lake maisha yake yote. Kufanya majaribio peke yake nako hakumlipi mkulima: gharama ni yake na miaka ya kungoja ni yake, lakini jibu likipatikana, majirani wote wanalichukua bure. Dawa iliyopatikana ni kila mzalishaji kuchangia kwa kadiri ya kilo zake. Wenye mashamba wa India walikuwa na kituo chao cha Tocklai, Assam, tangu 1911, na Ceylon, sasa Sri Lanka, ikaanzisha taasisi yake mwaka 1925.

Zamu ya Afrika Mashariki ilifika mwaka 1951, Kericho ilipokuwa makao ya taasisi ya utafiti wa chai iliyogharamiwa kwa tozo ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Chini ya mwavuli huo, watafiti walifika Mufindi miaka ya 1960 kuchunguza umwagiliaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ushirika huo nao ukafa. Kericho ilibaki Kenya, ikazaa taasisi ya nchi hiyo mwaka 1980. Tanzania ikabaki na vituo vya pembeni, bila makao makuu.

Uhai ulirejea Ngwazi, Mufindi, mwaka 1986, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti kilichoshirikiana na Chuo cha Silsoe cha Uingereza chini ya Profesa Mike Carr. Makampuni ya chai yalichangia, na fedha za misaada zikaongezwa. Swali la watafiti lilitoka shambani moja kwa moja: kiangazi cha Mufindi huanza Mei au Juni kikaishia Novemba, na sehemu ya miezi hiyo ni ya baridi kali. Je, ukimwagilia, maji yanalipa?

Jaribio moja lilipangwa kwa ustadi. Mstari wa vinyunyizio ulipita katikati ya shamba, ili michai ya karibu ilowe sana na ya mbali ibaki mikavu. Kisha viwango mbalimbali vya mbolea vikagawanywa humohumo. Michai iliyomwagiliwa vizuri iliendelea kuitikia mbolea hadi viwango vya juu, ilhali ile isiyopata maji iligota mapema. Somo lilikuwa wazi: kumwaga mbolea kwenye shamba linalokauka ni kupoteza fedha. Baadaye aina za miche, zikiwamo S15/10 na BBK35 za Kenya na PC81 ya Malawi, zilipandwa pamoja zilinganishwe kwa kuvumilia ukame.

Mwaka 1996 ilizaliwa Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania, TRIT, ikirithi Ngwazi na Marikitanda ya Usambara, na tozo ya chai kavu ikawa mhimili wake. Mwaka uliofuata sheria mpya ya chai ilitenganisha udhibiti, uliopewa Bodi ya Chai, na maendeleo ya wakulima wadogo, yaliyopewa wakala wao.

Hapo ndipo mgawanyo wa maswali ulipojitokeza. Mwenye shamba kubwa Mufindi ana mabwawa na pampu, hivyo anauliza kuhusu maji. Mkulima wa Rungwe, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, ana nusu ekari yenye mapengo. Anataka miche ya kuyaziba, mbolea inayofika kwa wakati, na bwana shamba wa kumwonyesha kupogolea. Wote wawili wanatozwa kwa kilo, lakini mwenye kilo nyingi ana ofisi na mtu wa kutuma mkutanoni. Chama cha wakulima wadogo wa Rungwe, kilichokuwa na hisa katika kampuni ya Wakulima iliyoendesha viwanda vya Katumba na Mwakaleli, kiliwapa wadogo mahali pa kusemea.

Tozo hii ina udhaifu mmoja usiokwepeka: hufuata mavuno. Viwanda vikisimama na mashamba yakiota magugu, mfuko wa utafiti hupungua wakati uleule majibu yanapohitajika zaidi. Ndiyo maana makato hayo yangefaa kuandikwa pia kwenye kitabu cha mkulima, kando ya kilo zake. Anayejua amelipa ana haki ya kuuliza Ngwazi wanafanya nini mwaka huu, na kwa ajili ya shamba la nani.