Kazi ya masoko ya mtandaoni: namna ya kuijenga na kujua thamani yako

Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira: katika kila mji wa mashariki mwa nchi yetu kuna vijana wanaoandika matangazo ya maduka kwenye Facebook, wanaopiga picha za vitenge na kuziweka kwenye WhatsApp, wanaojibu wateja mpaka usiku. Wengi wao wana diploma ya serikali, wengine wamemaliza chuo kikuu. Wakiulizwa wanafanya kazi gani, hujibu: "Ninasaidia tu." Mwisho wa mwezi wanapokea mega na neno la asante. Nyumbani wazazi wanaona mtoto anachezea simu.

Hii ni kazi kama kazi nyingine. Ina ufundi wake, ina vipimo vyake, na katika nchi nyingi kuna watu wanaolisha jamaa zao kwayo. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni nini, namna ya kuijifunza bila fedha nyingi, na namna ya kupata bei ya haki. Jambo kubwa la kushika ni hili: thamani ya kazi yako inapatikana kwa hesabu. Ukiwa na hesabu mkononi, unaweza kuzungumza na mwenye duka bila haya na bila majivuno.

Kazi hii ni nini?

Masoko ya mtandaoni ni kazi ya kumtafutia mwenye bidhaa wanunuzi kwa njia ya intaneti na simu. Haina umri mrefu. Tangazo la kwanza la kubofya linalojulikana sana lilitokea mwezi wa 10 mwaka 1994, kwenye tovuti ya gazeti la Marekani iliyoitwa HotWired. Google ilianza kuuza matangazo yanayofuata maneno ambayo mtu anatafuta mwaka 2000. Facebook ilianza mwaka 2004, ikainunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Leo kampuni inayozimiliki zote inaitwa Meta. Mwaka 2018 ikatoka WhatsApp Business, programu ya bure ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kupanga ndani yake bidhaa zake, bei zake na majibu ya haraka.

Ndani ya kazi hii kuna kazi nyingi. Kuna anayeandika maneno ya tangazo. Kuna anayepiga picha na kukata video. Kuna mlezi wa ukurasa, anayepanga kitu gani kitoke siku gani na kujibu watu. Kuna anayesimamia matangazo ya kulipia: anachagua tangazo lionwe na nani, mji gani, kwa fedha kiasi gani. Kuna anayetengeneza tovuti ili ionekane mapema mtu anapotafuta kwenye Google. Na kuna anayesoma takwimu na kumwambia mwenye duka fedha yake imezaa nini. Anayeanza hawezi kuyashika yote. Ni heri kuchagua mawili na kuyajua vizuri.

Namna ya kujifunza

Google, Meta na HubSpot zinatoa masomo ya bure kwenye intaneti, na baadhi yake yanamalizika kwa cheti. Mengi yapo kwa Kiingereza, mengine kwa Kifaransa. Asiye na mega za kutosha anaweza kujiunga na wenzake watatu au wanne, wakanunua pamoja na kusoma pamoja. Kwa kuchora matangazo, vijana wengi wanatumia Canva, ambayo ina sehemu ya bure na inafanya kazi kwenye simu.

Lakini cheti peke yake hakimletei mtu mteja. Mwenye duka anataka kuona kitu ulichokwisha kufanya. Kwa hiyo tafuta biashara moja ndogo unayoifahamu: mama anayeuza jibini ya Masisi, fundi wa viatu, dada anayesuka nywele. Patana naye staji ya miezi miwili, iwe na mwanzo na mwisho unaojulikana. Andika hali uliyoikuta: watu wangapi walikuwa wanauliza bei kwa juma, wangapi walikuwa wananunua. Mwisho wa miezi miwili andika tena. Karatasi hiyo moja, yenye tarakimu za kweli, itakufungulia milango ambayo cheti hakikufungua.

Kuna nguvu nyingine ambayo vijana wetu wanaidharau. Unajua Kiswahili kinavyosemwa sokoni, unajua ni siku gani watu wanapokea fedha, unajua ni kitambaa gani kinatafutwa wakati wa arusi. Mtu aliye Paris au Nairobi hawezi kuandika tangazo la Butembo kama wewe. Ujuzi wa mahali ni sehemu ya ufundi, na ufundi unalipwa.

Hesabu ya kwanza: kazi yako inakugharimu nini?

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila mtu aweke za kwake.

Kijana anahitaji dola 150 kwa mwezi kwa chakula, nyumba na safari. Mega zinamla dola 25. Kuchaji simu na kompyuta, dola 10. Simu yake ya dola 240 itadumu miaka miwili, basi kila mwezi aweke dola 10 za kununua nyingine. Aweke pia dola 25 kwa ajili ya ugonjwa na miezi isiyo na kazi. Jumla ni dola 220.

Sasa ahesabu saa. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, si saa zote za siku zinalipwa. Kuna kutafuta wateja, kusafiri, kungoja umeme urudi. Tuseme saa 5 za siku ndizo za kazi ya mteja. Ni saa 110 kwa mwezi. Dola 220 ukigawa kwa 110, ni dola 2 kwa saa. Hiyo ni sakafu yake. Akishuka chini yake, anakula simu yake na afya yake bila kujua.

Kama ukurasa wa duka unamtaka saa 30 kwa mwezi, bei yake haiwezi kuwa chini ya dola 60. Mwenye duka akisema ana dola 20 tu, asikasirike. Ajibu kwa heshima: "Mama, dola 20 ni saa 10. Kwa saa 10 nitakuandikia matangazo mawili kila juma, lakini sitaweza kujibu wateja usiku." Kanuni ni fupi: mteja akipunguza fedha, punguza kazi. Ukipunguza bei na kuacha kazi ileile, mwezi ujao atadhani hiyo ndiyo bei yako ya kweli, naye atawaambia wengine.

Hesabu ya pili: kazi yako inamletea mteja nini?

Sakafu inakuonyesha pa kutoshuka. Haionyeshi bado thamani yako kwa mwenye duka. Kwa hiyo ingia upande wake.

Tuseme muuza jibini ametoa dola 10 kwa tangazo la kulipia. Tangazo limeonwa na watu 4,000. Watu 80 wameandika kuuliza bei, na 12 wamenunua. Kila aliyenunua amemwachia faida ya dola 3. Faida yote ni dola 36. Ukitoa dola 10 za tangazo zinabaki 26. Kama umemwomba dola 20 kwa kazi hiyo, yeye amebaki na dola 6, pamoja na wanunuzi 12 wanaoweza kurudi mwezi ujao bila tangazo jipya.

Angalia tena tarakimu hizo. Wengi wanajivunia watu 4,000 walioona. Lakini mwenye duka hali chakula kwa kuonwa. Swali lake ni la wale 80 na wale 12. Kwa nini watu 68 waliuliza wasinunue? Labda bei haikuandikwa, labda walijibiwa kesho yake, labda hapakuwa na mtu wa kupeleka bidhaa mtaani kwao. Anayeweza kuona hayo na kuyatengeneza ndiye anayeweza kupandisha bei yake mwaka kwa mwaka.

Hesabu hiyo inakupasa pia kusema ukweli. Kama faida ya bidhaa ni ndogo mno kulipa tangazo na kulipa wewe, mwambie mteja mapema. Utapoteza fedha ya mwezi mmoja, lakini jina lako litabaki safi sokoni.

Patano liandikwe

Kwa anayeajiriwa, Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mkataba wa kazi uandikwe. Kwa anayefanya kazi ya muda kwa wateja mbalimbali, karatasi moja yatosha, hata ujumbe wa WhatsApp ambao pande zote mbili wameujibu. Iseme mambo haya:

- kazi gani itafanywa, na mara ngapi kwa juma;
- bei, fedha gani (dola au faranga), na siku ya kulipa;
- nusu ya malipo itolewe kabla ya kuanza;
- kazi ya ziada italipwa namna gani;
- kila upande utatoa taarifa siku ngapi kabla ya kuacha.

Mahali pengi watu wanalipana kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mkubaliane nani anabeba gharama ya kutuma na kutoa, na tunza ujumbe wa kila malipo.

Mambo mawili yamevunja urafiki mwingi. La kwanza: fedha ya tangazo si mshahara. Mwenye duka akikupa dola 30 na kusema "fanya matangazo", muulize papo hapo ngapi ni za Facebook na ngapi ni zako, kisha umwonyeshe matumizi. La pili: ukurasa ni mali ya mwenye duka. Ufunguliwe kwa jina na namba yake, nawe upewe ruhusa ya kuufanyia kazi. Kijana anayeshikilia ukurasa wa watu kwa sababu hajalipwa anajiharibia jina. Aliyeandika patano na kupokea nusu mapema hana haja ya kufika huko.

Mitego ya kuepuka

Usinunue wafuasi. Namba inapanda, lakini hao hawanunui jibini. Usichukue picha ya bidhaa ya mwingine ukaiweka kama ya mteja wako. Usiweke sura ya mtu kwenye tangazo bila ruhusa yake, na zaidi wakimbizi na watoto. Nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa biashara ya mtandaoni, ulinzi wa habari za watu na makosa yanayofanyika kwenye mitandao. Anayefanya kazi hii anapaswa kujua kwamba ipo.

Jihadhari pia na wanaodai utoe fedha kwanza ndipo upewe kazi ya kubofya matangazo kwa dola kadhaa kwa siku. Mwajiri wa kweli anakulipa, hakuombi umlipe. Na kwenye tovuti za kutafutia kazi za ng'ambo, soma masharti kabla ya kutaja bei. Fiverr, kwa mfano, inakata asilimia 20 ya kila malipo ya muuzaji: kazi ya dola 50 inakuachia 40.

Neno kwa makanisa na wazazi

Vijana hawa ndio wanaopiga picha za ibada, wanaotengeneza matangazo ya semina, wanaotunza ukurasa wa parokia. Kujitolea ni jambo jema, nasi tunawashukuru. Lakini kujitolea kunakuwa na afya kukiwa na mpaka: ni saa ngapi kwa juma, mpaka lini, na nani ananunua mega. Halmashauri inayomlipa fundi wa mabati na fundi wa umeme yaweza kukaa na kijana huyu na kupatana naye vilevile. Hata pale asipolipwa, mpeni barua inayotaja kazi aliyofanya na matokeo yake. Barua hiyo ni mlango kwake.

Wazazi, kabla ya kusema mtoto anachezea simu, mwombeni awaonyeshe daftari lake: wateja wake ni nani, wamelipa nini, kazi imezaa nini. Kama hana daftari, msaidieni alianze juma hili. Nawe kijana, juma hili hesabu sakafu yako, uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo. Mteja wa kwanza akikuuliza bei, hutahitaji kutazama chini.