Kigae, Ukuta na Nyundo: Historia ya Ukusanyaji wa Vigae vya Kale Mnadani na Funzo Lake kwa Urithi wa Pwani

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya vigae vya kale vya mapambo kutoka katika kuta za makaburi, misikiti na nyumba hadi katika kumbi za mnada za Ulaya. Mifano imechukuliwa kutoka Iran, Uturuki, Uingereza na Ureno. Hoja kuu ni kwamba kigae huanza kuwa sehemu ya ukuta kabla ya kuwa kitu cha kumilikiwa, na kwamba uhamisho wake hukamilishwa kwa maneno ya orodha ya mnada. Kwa hiyo, maelezo yaliyoandikwa kabla kigae hakijang'olewa ndiyo kinga yake ya kwanza. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kuandaliwa kwa daftari la Kiswahili la vyombo vya kauri vilivyojengewa katika magofu ya pwani ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa vigae vya kale huelezwa mara nyingi kama burudani ya watu wenye nafasi, na historia yake huandikwa kama sehemu ya historia ya sanaa. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini unaacha swali moja muhimu bila jibu: kigae kilitoka wapi kabla ya kufika mikononi mwa dalali? Mchoro huuzwa ukiwa mzima, na sarafu iliundwa ili ipite mikononi mwa wengi. Kigae ni tofauti. Kilitengenezwa kikae na wenzake, kishikwe na chokaa, kisihame. Kila kigae cha kale kilichotumika na ambacho leo kinauzwa peke yake kina ukuta kilikotoka, na mara nyingi ukuta huo una pengo.

Sehemu zinazofuata zinaanza na istilahi, kisha zinaeleza namna vigae vilivyotawanyika, namna mnada unavyovipa jina na bei, na hatua zilizochukuliwa na nchi moja kuzuia upotevu huo. Mwishoni mjadala unarejea katika pwani yetu.

2.0 Istilahi: Kigae, Kauri na Mnada

Katika Kiswahili, neno kigae hubeba maana mbili. Kwanza ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika. Pili ni bamba la udongo uliochomwa ambalo huezekewa paa au hupambia ukuta na sakafu. Maana hizi mbili zinaonekana kupingana, kwa sababu moja ni ya kitu kilichoharibika na nyingine ni ya kitu cha kujengea. Hata hivyo, zote zinakubaliana katika jambo moja: kigae ni sehemu ya kitu kikubwa kuliko chenyewe. Ufahamu huu uliomo ndani ya lugha ndio unaopotea sokoni.

Neno kauri nalo hutaja simbi wa baharini na pia udongo mweupe laini wa vyombo vya thamani. Kiitaliano kilipita njia hiyohiyo: porcellana lilikuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la vyombo vya China. Kiajemi kilichukua njia nyingine. Neno kashi, lenye maana ya kigae, limetokana na mji wa Kashan, uliosifika kwa mafundi wake. Kireno kinasema azulejo, kutoka Kiarabu az-zulayj. Kwa hiyo majina ya vigae huhifadhi kumbukumbu ya mahali na ya mawasiliano hata pale ambapo vigae vyenyewe vimehamishwa.

Mnada, kwa upande wake, ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na kuita kwa sauti. Mnadi huita, na bei hupanda kwa kadiri anavyoitikiwa. Bidhaa hupangwa katika mafungu, na kila fungu hupewa namba. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, fungu ni rundo la nyanya au dagaa sokoni; katika ukumbi wa London, fungu linaweza kuwa nusu ya ukuta wa kaburi.

3.0 Kutoka Ukutani hadi Sokoni

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Imamzadeh Yahya, kaburi lililopo Varamin, kusini mwa Tehran. Kuta zake zilipambwa kwa vigae vyenye mng'ao wa metali, vilivyokatwa kwa umbo la nyota na la msalaba vikishikana bila kuacha nafasi. Vingi vina tarehe inayolingana na mwaka 1262. Mihrabu yake, iliyokamilishwa mwaka 1265, ina saini ya Ali ibn Muhammad ibn Abi Tahir, mfinyanzi wa ukoo mashuhuri wa Kashan. Mtu wa ukoo huohuo, Abu'l-Qasim, aliandika mwaka 1301 risala inayoeleza malighafi, tanuri na rangi za kazi hiyo. Ni nadra kwa ufundi wa zama hizo kuachiwa ushahidi wa aina hii: jengo, saini, tarehe na maelezo ya fundi, vyote pamoja.

Hata hivyo, ushahidi huo haukulizuia soko. Kufikia mwisho wa karne ya 19 vigae vya Varamin vilikuwa vimeanza kuingia katika mikusanyo ya Ulaya. Mihrabu ilipita mikononi mwa mfanyabiashara Hagop Kevorkian, ikanunuliwa na tajiri wa Kimarekani Doris Duke, na leo iko katika nyumba yake ya zamani huko Honolulu. Kaburi lenyewe bado lipo, na watu bado wanalizuru. Aliyekwenda kuomba hapo alibakiwa na ukuta. Aliyenunua alipata maandishi yaliyokuwa yakimwelekeza mwombaji kibla.

Mfano wa pili unatoka Istanbul. Vigae vya Iznik vya karne ya 16 vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye kwazi nyingi, vikapakwa rangi chini ya ngozi ya kioo, na vikajulikana kwa wekundu wake uliovimba kidogo juu ya weupe. Kaburi la Sultani Selim wa Pili, lililobuniwa na Mimar Sinan na kukamilishwa mwaka 1577 kando ya Hagia Sophia, lilikuwa na paneli mbili za vigae hivyo mlangoni. Mwishoni mwa karne ya 19 paneli moja iliondolewa na Mfaransa Albert Sorlin-Dorigny katika kazi iliyoitwa ya ukarabati, na nakala iliyotengenezwa Ufaransa ikawekwa mahali pake. Paneli ya asili iko Louvre, na Uturuki inadai irejeshwe. Jambo la kuzingatiwa hapa ni neno lenyewe, yaani ukarabati. Uhamisho ulipewa jina la hifadhi.

4.0 Nyumba ya Leighton: Kilichoshindwa Kuuzwa

Mchoraji wa Kiingereza Frederic Leighton alijenga katika nyumba yake ya London chumba kinachoitwa Arab Hall, kati ya mwaka 1877 na 1881, ili kuweka vigae alivyokusanya, vingi vikiwa vya Damascus. Miongoni mwa waliomsaidia kuvipata ni Richard Burton, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini humo. Huyu ndiye Burton yuleyule aliyeondoka Zanzibar mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika na ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu Zanzibar na mwambao wake. Kwa hiyo mitandao iliyokusanya habari za nchi zetu na ile iliyokusanya vigae vya Shamu haikuwa mbalimbali. Fundi William De Morgan alivipanga vigae hivyo na kutengeneza vingine vya kuziba mapengo.

Leighton alifariki Januari 1896. Julai mwaka huohuo, Christie's walipiga mnada michoro, mazulia na vyombo vyake, vikatawanyika. Vigae vya Arab Hall vilibaki kwa sababu vilikuwa vimeshikwa na ukuta, na leo nyumba hiyo ni makumbusho. Tukio hili lina kinaya chake: vigae vilivyong'olewa katika kuta za wengine viliokolewa na mnada kwa kujengewa katika ukuta mpya. Linathibitisha pia kwamba chokaa inaweza kulinda kuliko hati ya umiliki.

5.0 Lugha ya Orodha ya Mnada

Mnada wa kisasa huanza siku nyingi kabla ya nyundo kugonga. Mtaalamu hukagua kitu, huandika maelezo, huweka makadirio ya bei ya chini na ya juu, na hukubaliana na muuzaji juu ya kiwango cha siri ambacho chini yake kitu hakiuzwi. Tangu mwaka 1975, Christie's na Sotheby's huko London humtoza mnunuzi naye ada juu ya bei ya nyundo.

Mkusanyaji makini hugeuza kigae na kusoma mgongo wake. Vigae vya Uholanzi vya karne ya 17 na 18 mara nyingi vina vitundu karibu na pembe, vilivyoachwa na misumari ya kibao cha kukatia. Vigae vya De Morgan vinaweza kuwa na muhuri wa karakana yake ya Merton Abbey au ya Fulham, na kwa muhuri huo miaka ya kazi hukadiriwa. Chokaa iliyoganda mgongoni ni ushahidi kwamba kigae kilikaa ukutani. Lakini chokaa hiyohiyo husuguliwa ili kigae kikae sawa ndani ya fremu. Shahidi wa mwisho wa ukuta huondolewa kwa jina la usafi.

Maneno ya orodha hufanya kazi inayofanana na hiyo. Fungu huelezwa kwa aina, nchi, karne, vipimo, nyufa na mkusanyo lilikotoka. Historia ya umiliki mara nyingi huanzia kwa mnunuzi wa kwanza wa Ulaya. Maneno kama "mkusanyo wa binafsi" yanasema nani hatatajwa. Hayasemi ni jengo gani lililopoteza. Vitenzi navyo hupungua. Kigae "kinatoka" Iran, hakuna aliyeking'oa. Kisarufi, mtenda ameondolewa katika sentensi, na pamoja naye limeondoka swali la haki. Haifuati kwamba kila fungu ni la wizi, kwa kuwa vigae vingi vilitoka katika nyumba zilizobomolewa kihalali au katika viwanda vilivyouza kwa wingi. Hata hivyo, lugha inayofanana kwa fungu halali na lisilo halali humnyima mnunuzi mwema njia ya kutofautisha.

6.0 Hatua za Ureno

Ureno inaonyesha kwamba hali inaweza kubadilishwa. Kuta za nje za nyumba nyingi za Lisbon zimefunikwa kwa vigae, na wizi wake ulilisha maduka ya vitu vya kale na soko la Feira da Ladra. Mwaka 2007 makumbusho ya polisi wa upelelezi yalianzisha mradi wa SOS Azulejo, uliotangaza picha za vigae vilivyoibwa ili wanunuzi na wauzaji wavitambue. Mwaka 2013 jiji la Lisbon liliweka kanuni ya kuzuia ubomoaji wa kuta zenye vigae, na mwaka 2017 sheria ya taifa ikapanua ulinzi huo. Mfuatano huu una maana kubwa. Picha na maelezo vilitangulia, sheria ikafuata. Sheria isiyo na kumbukumbu ya kitu haiwezi kukidai kitu hicho mahakamani.

7.0 Pwani ya Afrika Mashariki

Waswahili hawakufunika kuta zao kwa vigae kama Kashan au Lisbon. Walichukua sahani na mabakuli ya China na ya nchi za Kiislamu, wakayajengea katika nguzo za makaburi, mihrabu na makuba. Makaburi ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, kaburi la nguzo la Mambrui karibu na Malindi, na majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni mifano mashuhuri. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyombo vya kauri vilipangwa katika zidaka za chumba cha ndani. Chombo kilichojengewa hivyo kilikuwa kama kigae: kiliacha kutumika mezani na kikawa sehemu ya maneno ya jengo.

Kunduchi leo hubaki mashimo ya mviringo ambamo mabakuli yalikaa. Bakuli lililong'olewa halina alama ya kulitofautisha na mengine ya kiwanda kilekile yaliyouzwa kwingineko duniani. Likifika mnadani litaitwa la China, na jina hilo litakuwa sahihi. Kitakachokosekana ni kwamba liliwahi kuwa la Kunduchi.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na iliridhia Mkataba wa UNESCO wa 1970 mwaka 1977. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Pengo lililopo ni la maelezo yanayoweza kusomwa na mlinzi wa gofu, ofisa wa forodha na hakimu kwa lugha moja. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam huhudumia pia Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na Kiswahili kinaeleweka katika njia hizo zote.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba kigae hupotea mara mbili: kwanza kinapong'olewa, kisha kinapoelezwa bila ukuta wake. Upotevu wa kwanza huhitaji ulinzi. Wa pili huhitaji lugha. Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chombo cha kauri kilichobaki ukutani, na kila shimo la kilichoondoka, lipigwe picha, lipimwe na liandikwe katika daftari la pamoja la Kiswahili. Pili, mabaraza ya Kiswahili ya kanda yakubaliane juu ya istilahi za sehemu za jengo, za aina ya kauri na za hali ya uharibifu, ili maelezo ya Lamu yalingane na ya Kilwa. Tatu, maofisa wa forodha wapewe nakala fupi ya daftari hilo yenye picha.

Kipimo cha shimo ni jambo dogo kuandika. Lakini siku bakuli litakapotokea katika orodha ya mnada likiwa na kipenyo kilekile na chokaa ya matumbawe mgongoni, kipimo hicho ndicho kitakachowezesha dai kuanza.