Magari ya Maksai katika Njia ya Mpwapwa

Kabla ya reli, bidhaa zilizoshuka pwani ya Mrima kutoka bara, na hasa pembe za ndovu, zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, kila mtu na mzigo wake wa kadiri ya frasila mbili. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society aliyekwisha kukaa miaka mingi kusini mwa Afrika, ambako magari ya kukokotwa na maksai yalikuwa jambo la desturi, alisafiri na maksai wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarejea na habari kwamba njia yafaa. Hukumu hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa ya haraka, kwani safari moja nyepesi si hoja. Mwaka uliofuata, msafara ulipoondoka pwani na magari yenye shehena, mbung'o waliwashambulia wanyama hata wakafa mmoja baada ya mmoja, ikalazimu wapagazi, wale wale ambao magari yalikusudiwa kushika mahali pao, waajiriwe tena. Nao, nadhani, hawakusikitika. Hata Unguja mjini, ambako safari ilikuwa fupi, mikokoteni ya karafuu ilivutwa na mahamali wenyewe, wengi wao Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut.