Kutoka klorini ya Benaco hadi mdudu wa chini ya jiwe: jinsi tulivyojifunza kupima kijito

Tuanze na swali jepesi. Kuna glasi mbili: moja ina maji ya kijito kinachotoka msituni, nyingine ina maji ya bomba yenye klorini. Ipi ni safi? Inategemea unauliza kwa niaba ya nani. Ya bomba wewe utakunywa bila wasiwasi, lakini samaki akiwekwa humo anaweza kufa. Historia ya Ngara na Biharamulo inaonyesha kwamba haya ni maswali mawili tofauti, na kwamba la pili lilichelewa kuulizwa.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24. Wengi wakawekwa Benaco, wilayani Ngara, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Italia iliyojenga barabara huko. Palikuwa na ziwa dogo, na hilo ndilo likawa chanzo cha maji cha kambi nzima. Swali la siku ile lilikuwa moja tu: maji haya yanaua au hayaui? Katika dharura kama ile, maji ya tope hutiwa shabu ili tope lizame, kisha klorini. Halafu unapima tope na klorini iliyobaki, basi. Na sio jambo dogo. Julai mwaka huohuo, huko Goma, karibu wakimbizi 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara.

Lakini kipimo cha klorini hakikuambii kijito chenyewe kina hali gani. Watu wengi namna ile wanahitaji kuni, na miti ya vilima vya jirani ilikatwa sana. Mlima ukibaki wazi, mvua inashusha udongo bondeni. Udongo ukiingia kijitoni unaziba nafasi kati ya mawe, yaani nyumba za wadudu ambao samaki wanawategemea kwa chakula. Wakimbizi walirudishwa Rwanda Desemba 1996. Udongo ulioingia vijitoni haukurudi mlimani.

Sasa, unaulizaje swali la pili? Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani Kolkwitz na Marsson walionyesha kwamba viumbe waliomo mtoni wanaweza kutumika kupima uchafu wake. Afrika Kusini wakatengeneza mfumo wao, SASS. Mwaka 2015, Mtanzania Lulu Kaaya, pamoja na Jenny Day na Helen Dallas, alichapisha TARISS, mfumo uliotokana na ule wa Afrika Kusini lakini ukarekebishwa kwa ajili ya mito ya Tanzania.

Kazi yenyewe haina makuu. Unaingia kijitoni na wavu, unavuruga mawe kwa mguu, wadudu wanasombwa wavuni, unawamwaga kwenye beseni jeupe. Kila kundi lina alama, kuanzia 1 hadi 15. Minyoo ya matopeni, inayovumilia karibu kila kitu, hupata 1. Wanaohitaji maji yenye oksijeni nyingi hupata alama za juu. Unajumlisha, unatafuta wastani. Klorini inakueleza kuhusu maji ya saa hii. Mdudu aliyeishi hapo miezi kadhaa anakueleza yaliyopita usiku wakati hakuna aliyekuwa anapima.

Hata hivyo wadudu hawasemi kila kitu. Biharamulo kuna dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na wapo wachimbaji wadogo pia. Uchimbaji mdogo mara nyingi hutumia zebaki, na zebaki hujikusanya mwilini mwa samaki, kisha mwilini mwa mlaji. Ulimwengu ulijifunza hilo kwa uchungu Minamata, Japani, kuanzia 1956. Alama za wadudu zikishuka, ujue kuna tatizo. Kama ni zebaki au tope, hapo lazima maabara.

Kwa hiyo vipimo vyote vinahitajika, na wakati muhimu zaidi ni kabla ya mgodi, kambi au shamba kubwa kufika. Kijito kikipimwa baada ya kuharibika tu, hakuna namba ya jana ya kulinganisha, na mwanakijiji anayelalamika anabaki na neno lake tu.